Bambo na Alama ya Kujumlisha

Msimu wa ufuta ukifika, kwenye ghala la chama cha msingi kwetu Nkowe, mtu wa kumtazama si mpima mizani. Ni yule mwenye bambo. Gunia likishushwa, hagusi juu, maana juu ndipo panapowekwa ufuta uliopepetwa vizuri. Anachoma ubavuni, chini kidogo ya katikati, kisha kwenye pembe ya kitako, anavuta, anamimina kiganjani. Anapuliza. Anatia punje chache mdomoni na kuyasikiliza meno yake, kwa kuwa mchanga haujifichi kwenye meno. Akiusikia, hapandishi sauti. "Mjomba, turudi kwenye ungo," anasema, na mjomba anarudi kupepeta bila kuaibishwa mbele ya watu.

Nimemkumbuka mtu huyo mara nyingi tangu nianze kufuatilia kazi ya wakaguzi wa Buildroot. Huu ni mfumo wa kuundia Linux ndogo ya kuwekwa kwenye vifaa kama ruta, mashine za kupimia na mitambo ya viwandani. Unachagua unachohitaji, mfumo unapakua vyanzo, unaviunda kimoja kimoja, na mwisho unakukabidhi kitu kamili cha kupakia kwenye kifaa. Ulianza mwaka 2001. Tangu 2009, Peter Korsgaard alipochukua usimamizi wake, toleo jipya hutoka kila miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ndani yake mna vifurushi vya programu zaidi ya 2,000, vingi vikiwa vimeletwa na watu waliovihitaji kazini kwao.

Kwa macho, kifurushi ni kitu kidogo. Faili ya kwanza inakieleza kwenye orodha ya kuchagulia, ya pili inasema chanzo kinapatikana wapi na kinaundwaje, ya tatu inatunza alama ya utambulisho ya kilichopakuliwa, ili siku mtu akibadilisha hata herufi moja kule kinakotoka, kazi igome. Mara nyingi zote tatu hazifiki mistari mia. Mtu wa haraka angezisoma kwa dakika tano akaidhinisha.

Mkaguzi wa kweli anaanzia pasipotazamwa. Chukua leseni. Mleta kifurushi ameandika GPL-2.0, kwa sababu ameikuta faili ya leseni hiyo kwenye chanzo. Mkaguzi anapakua chanzo hicho, anafungua mafaili yenyewe, anasoma yale maelezo ya juu kabisa ambayo wengi wetu tunayaruka. Anakuta mwandishi ameruhusu toleo la pili la leseni au lolote litakalofuata. Basi inatakiwa iandikwe GPL-2.0+. Alama moja ya kujumlisha, na ndiyo itakayoamua kama programu hii inaweza kuunganishwa kihalali na nyingine iliyo chini ya toleo la tatu. Ataiona nani? Labda mwanasheria wa kiwanda fulani, miaka mitano ijayo, akiwa hajui kabisa nani aliiweka pale.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi anavyosoma maelekezo ya uundaji. Tuseme kifaa kina prosesa ya ARM, kompyuta inayounda ina ya Intel, kwa hiyo kompaila lazima iwe ile maalumu iliyoandaliwa na mfumo. Mwandishi wa programu, ambaye hakuwahi kuwaza habari za ruta, ameandika waziwazi gcc, kompaila ya kompyuta yake, na pembeni ameelekeza kwenye /usr/include ya kompyuta hiyo hiyo. Kwake inaundika bila kosa. Kwa mleta kifurushi nako huenda ikapita, mpaka siku inapoundiwa kifaa chenye prosesa tofauti na ya kompyuta. Mkaguzi mzoefu analikamata kosa hilo kwa macho tu. Kisha anauliza: je, kwenye musl, maktaba ya C iliyo nyembamba kuliko glibc, itaundika? Na kwenye prosesa isiyo na kitengo cha kusimamia kumbukumbu, ambako fork, njia ya programu kujinakili, haifanyi kazi? Anaomba kifurushi kipitishwe kwenye test-pkg, inayokijaribu kwa kompaila za aina nyingi.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tuna sababu ya kumthamini mkaguzi asiye na haraka. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo yake matatu, ulitanguliwa na ziara ya wataalamu ya wiki chache tu. Udongo na mvua havikuulizwa vya kutosha, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo iling'olewa baadaye.

Kifurushi changu cha kwanza kilikuwa cha programu ndogo ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani kwa waya. Kilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ile alama ya kujumlisha, mara ya pili kwa gcc. Kila dosari ilikuja na sababu yake, imeandikwa kwa utulivu, kana kwamba mkaguzi alikuwa na siku nzima ya kunipa mimi peke yangu. Alikuwa amekiunda mwenyewe kwa kompaila mbili kabla ya kujibu. Mara ya tatu aliandika kwamba kilichobaki ni nafasi mbili zilizokosekana mwanzoni mwa mstari wa maelezo, nisihangaike, zitarekebishwa wakati wa kupokea.

Nikaenda kuangalia kwenye historia ya mradi. Jina langu liko juu kama mwandishi. La kwake liko chini, mstari mmoja, kwamba amekipitia. Saa ile nasoma, alikuwa ameshafungua kifurushi cha mtu mwingine na kuuliza kuhusu leseni.