Wimbo Unaogeuka Katikati

Nyimbo za afya zina kasoro moja inayojirudia: huanza kwa kutisha na kumalizia kwa kuamuru. Mabango ya kampeni za chanjo nayo huenda njia hiyo hiyo. Utaona mtoto mwenye mguu uliosinyaa, na chini yake onyo kwa mzazi. Onyo lenyewe ni la kweli. Matone yale mawili mdomoni yamewakinga watoto wasiohesabika, na hakuna hoja ya maana ya kuyapinga. Lakini mtu mzima mwenye mguu kama ule akipita mbele ya bango, anaukuta mwili wake umetundikwa ukutani kuwa kitisho. Anaambiwa, mbele ya jirani zake, kwamba yeye ndiye balaa lenyewe. Je, yawezekana kumhimiza mzazi amkinge mwanawe na polio bila kumtweza aliyekwisha kupooza? Upo wimbo unaoliweza jambo hilo, na unaliweza kwa umbo lake kuliko kwa nia yake njema.

Unaitwa "Polio". Ni wa Staff Benda Bilili, kundi la Kinshasa, na umo kwenye albamu yao ya kwanza, *Très Très Fort*, iliyotoka mwaka 2009. Viongozi wa kundi hilo, Ricky Likabu na Coco Ngambali, na waimbaji wenzao kadhaa walipata polio utotoni. Mjini walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa upya na mafundi wa mtaani, nyingine zikiwa na injini. Mazoezi walifanyia kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, na humo humo, nje, chini ya miti, mtayarishaji Mbelgiji Vincent Kenis alirekodi sehemu kubwa ya albamu. Wimbo huu wameuimba kwa mwendo wa taratibu, rumba ya kukaa na kusikiliza, sauti kadhaa zikiitikiana na kuungana.

Maneno yake hayana mapambo, na hatua zake ni nne. Kwanza nafsi inayoimba inajieleza: nilizaliwa mzima, polio ikanilemaza. Inawaita watu waitazame ilivyo leo, imekazwa kwenye baiskeli kama kwa skrubu, imekuwa mtu wa magongo. Na hapo inayalaani magongo. Pili inawageukia wazazi: nendeni kituo cha chanjo, waepusheni watoto na janga hili. Mpaka hapo tumo ndani ya bango lile lile la ukutani. Mwili umeletwa kuwa ushahidi, onyo limetolewa, kazi imekwisha. Nyimbo nyingi za namna hii zingerudia kiitikio mara tatu na kunyamaza.

Huu hauishii hapo. Katika hatua ya tatu nafsi ile inawataja wazazi tena, lakini sasa ni wazazi wake mwenyewe, waliokuwa na wazo jema la kumwandikisha shule. Ndipo inawaita watu, kwa mwito ule ule wa mwanzo, waitazame ilivyo leo: imesoma, inafanya kazi, inalisha familia yake.

Sioni takriri yenye kazi kubwa zaidi katika albamu nzima. Mwito ni mmoja, anayetazamwa ni mmoja, ila kinachoonekana kimebadilika. Mara ya kwanza msikilizaji alitii akatazama, akaona chuma na magongo. Mara ya pili anatii tena, macho yake yakiwa bado yana picha ya kwanza, na anaona baba mwenye nyumba. Mwimbaji hasemi kwamba picha ya kwanza ilikuwa uongo. Baiskeli ipo, magongo yapo, hasira yake juu ya magongo haijafutwa. Anachofanya ni kulilazimisha jicho lile lile lirudi mahali lilipokuwa limemaliza kazi. Kama shule ingetangulia na ugonjwa ukafuata, tungekuwa na masimulizi ya huruma: mtu mwema aliyepatwa na mabaya. Mpangilio aliouchagua unamtega msikilizaji kwa huruma yake mwenyewe, kisha unamwonyesha kwamba huruma ile ilikuwa imetazama nusu tu.

Tazama pia neno lile la skrubu. Si taswira ya kiti cha hospitali wala ya kitanda cha mgonjwa. Ni taswira ya gereji. Fundi amemkaza mtu pamoja na chombo, na kwa watu ambao vyombo vyao viliundwa mtaani neno hilo lina machungu lakini pia lina ustadi ndani yake. Laana inaangukia magongo, haimwangukii mwenye magongo. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Sikioni ni kubwa.

Hatua ya nne inarudi kwa wazazi wote: msimtupe mtoto wenu mwenye ulemavu, hana tofauti na wenzake, na hakuna ajuaye ni yupi kati ya watoto wenu atakayewasaidia siku ya shida isipokuwa Mungu. Sasa jambo limekamilika. Wazazi wameitwa mara mbili, na katikati ya miito hiyo miwili wamesimamishwa wazazi wa mfano. Mwito wa kwanza unahusu mtoto ambaye bado hajaugua. Wa pili unahusu yule ambaye chanjo haikumfikia. Wimbo unakataa kuwachagulia wazazi mtoto mmoja wa kumpenda. Kampeni za afya na harakati za haki za watu wenye ulemavu mara nyingi huzungumza katika vyumba viwili tofauti. Hapa zimewekwa katika wimbo mmoja, na mwito wa pili ukasahihisha wa kwanza bila kuufuta.

Nina shaka moja na hoja ya hatua hiyo ya nne. Inapima thamani ya mtoto kwa msaada atakaoleta. Namna hiyo ya kufikiri tunaijua majumbani mwetu, na pengine ndiyo inayofika haraka kwa mzazi asiye na kitu. Lakini yupo mtoto ambaye hatafanya kazi kamwe, hatalisha yeyote, na hoja hii haimfikii. Kinachouokoa wimbo, kwa kiasi, ni kwamba haumalizii kwa ahadi. Hausemi mtoto mlemavu atalipa. Unasema hatujui. Kutojua huko kunawaweka watoto wote mstari mmoja, na mzazi hana tena kigezo cha kuwapanga.

Rumba ya Kongo ilikuwa imeimba afya kabla ya hapo, na kulinganisha kunasaidia. Mwaka 1987 Franco Luambo alitoa "Attention na SIDA", wimbo mrefu kuhusu UKIMWI ambamo anasema zaidi kuliko kuimba, akiyataja makundi ya jamii moja baada ya jingine na kulipa kila kundi wajibu wake. Umbo lake ni hotuba. Sauti iko juu, kwenye mimbari, na nguvu yake inatokana na urefu huo wa kusimama. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwao, aliimba "Mambo kwa Soksi" kwa Kiswahili. Soksi ni kondomu, na Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Remmy hakupanda mimbarini. Alisimama kati ya watu, akatumia lugha ya mzaha ya vijiweni kusema jambo ambalo lugha ya adabu ilikuwa imeshindwa kulisema. Nafsi ya "Polio" haikusimama juu wala kati. Ndiyo jambo lenyewe linalozungumzwa, na kwa hiyo haina haja ya mimbari wala ya mafumbo. Inaweza kusema moja kwa moja, na katika utamaduni wetu wa kupenda kuzungukazunguka ugonjwa, kusema moja kwa moja ni uamuzi wa kisanaa.

Wengi wetu tuliocheza rumba Dar es Salaam na Nairobi bila kujua neno la Kilingala tunajua kwamba maneno ni sehemu tu. Katika *Très Très Fort* sikio hukamatwa mapema na satongé, chombo alichokibuni Roger Landu: kopo la bati, waya mmoja, na fimbo iliyopinda inayoushika waya huo. Mkono mmoja hudonoa, mwingine huikaza na kuilegeza fimbo, na sauti hupanda na kushuka bila ngazi, nyembamba na kali, karibu na ya mtu. Kikundi cha rumba cha kawaida kingelipa gitaa la solo nafasi hiyo. Hapa inakwenda kwa waya mmoja, na waya huo hauna mahali pa kujificha. Kila noti ni lazima itafutwe upya kwa mkono.

Roger hana ulemavu. Alikuwa kijana aliyeishi mitaani, na wanaume wale wa baiskeli walimchukua wakiwa wakubwa kwake, wakamlea na kumpa nafasi mbele ya kundi. Tunapozungumzia ujumuishaji huwa tunamfikiria mzima anayesogea kidogo ili mlemavu apate pa kukaa. Muundo wa Staff Benda Bilili uko kinyume: wenye nyumba ni walemavu, na kijana mzima ndiye aliyefunguliwa mlango. Hilo halikuandikwa kwenye mashairi. Linasikika katika mpangilio wa vyombo, sauti za wazee zikibeba wimbo na satongé ya mtoto wao ikipewa uhuru wa kutangatanga juu yake.

Jukwaani jambo hilo linafika mwilini. Rumba ya Kongo ina sehemu yake ya sebene, ambapo waimbaji huwaachia magitaa na miili kazi. Katika maonyesho ya kundi hili, Djunana Tanga-Suele alikuwa akishuka kwenye kiti na kucheza sakafuni kwa mikono na kiwiliwili, na hakucheza mchezo wa kuigiza miguu. Alicheza sebene kama inavyotaka kuchezwa na mwili alio nao. Anayetaka kujua sanaa inaleta afya gani, aanzie hapo: kwenye mwili unaokubaliwa na mdundo kabla haujakubaliwa na ngazi za majengo.

Filamu *Benda Bilili!* ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010, ilisambaza jina la kundi kuliko albamu yoyote. Waongozaji waliwafuata kwa miaka kadhaa, wakapiga picha umaskini bila kuurembesha, moto ulioteketeza makao waliyolala, na kukua kwa Roger kutoka mtoto hadi kijana. Naiheshimu. Hata hivyo umbo lake ni la kupanda: vumbi la Kinshasa mwanzoni, majukwaa ya Ulaya mwishoni. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa amefarijika, na faraja hiyo imenunuliwa kwa kuufanya ulemavu kuwa kikwazo kilichorukwa. "Polio" haikuruka kitu. Hata "Tonkara", wimbo wao juu ya mtu anayelala juu ya maboksi kisha bahati ikamletea godoro, inaiita bahati kwa jina lake. Haisemi kwamba wasiopata godoro hawakujitahidi.

Tofauti hii ya maumbo ina uzito wa kisera. Mwaka 2019 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha mapitio yaliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, kuanzia kinga hadi matunzo. Ni kazi kubwa, na imewapa wasanii wengi lugha ya kuombea bajeti. Lakini tafiti za aina hiyo hupima kama kuimba kunasaidia. Haziwezi kutuambia kwa nini wimbo huu unamjenga msikilizaji na ule unamdhalilisha, ilhali nyimbo zote mbili zinahimiza chanjo ile ile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unakaribia zaidi. Ibara yake ya 30 inataka vipaji vya watu wenye ulemavu vikuzwe si kwa faida yao peke yao, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kucheza kunamfaa nini Djunana. Tuulize pia sebene imepata nini kutoka kwake.

Mwaka 2013 kundi la Staff Benda Bilili liligawanyika. Coco Ngambali na mwenzake Theo Nzonza wakaanzisha Mbongwana Star pamoja na mtayarishaji Doctor L, na mwaka 2015 wakatoa *From Kinshasa*. Sauti ya bustanini haipo tena. Besi imepondwa mpaka inakwaruza, ngoma zimekatwakatwa, na kwenye "Malukayi" likembe, ala za vibati vinavyodonolewa kwa vidole, za kundi la Konono No. 1 zinapita katikati ya kelele za umeme huku waimbaji wakisikika kwa mbali, wamezamishwa kwenye mwangwi. Sasa mwimbaji haombi kutazamwa. Waandishi kadhaa waliipokea albamu hiyo kwa kurudia habari za baiskeli na polio katika aya ya kwanza, kana kwamba bado wako kwenye hatua ya kwanza ya wimbo ule wa zamani. Coco alikuwa na umri wa kutosha na kazi ya kutosha nyuma yake kuachwa aimbe juu ya lolote, na anayetaka kuihakiki *From Kinshasa* ana mengi ya kuanza nayo: besi ile, mwangwi ule, na kwa nini sauti za waimbaji wawili waliozoea kuwa mbele zimesogezwa nyuma kiasi kile.