Simu Ilivyopima Macho ya Wazee Nakuru

Kati ya Desemba 2013 na Machi 2014, watu 300 wa Nakuru wenye miaka 55 na zaidi walipimwa macho kwa njia tatu: chati ya Snellen iliyozoeleka kliniki, chati ya ETDRS wanayoiamini watafiti, na programu ya simu, Peek Acuity. Andrew Bastawrous na wenzake walitoa matokeo mwaka 2015.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi kipimo chenyewe kilivyoundwa. Skrini huonyesha E moja inayogeuzwa pande nne, hivyo mzee asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu. Anaonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea, na mhudumu anatelezesha kidole upande huohuo bila kujua jibu sahihi ni lipi. Hawezi kumsaidia mzee hata kwa huruma. Mzee akipatia, E inapungua, akikosea, inakua. Kwa umbali wa mita 2, E ya kiwango cha 6/6, yaani uoni wa kawaida, ina urefu wa milimita 2.9 tu.

Snellen ina ila ya zamani: kutoka 6/60 hadi 6/36 ni mruko mkubwa kuliko kutoka 6/12 hadi 6/9. Kwenye ETDRS kila mstari una herufi tano na hatua zote ni sawa, 0.1 kwa kipimo cha logMAR. Simu ilitofautiana na ETDRS kwa wastani wa 0.07, yaani chini ya mstari mmoja. Ilichukua sekunde 77, Snellen 82.

Hata hivyo, E hiyo ni nyeusi tititi juu ya weupe, na dunia haiko hivyo. Utafiti ulioongozwa na Wanjiku Mathenge mwaka 2007 na 2008, wa watu 4,414 wa Nakuru wenye miaka 50 na zaidi, ulikuta kwamba, kati ya waliokuwa na kasoro ya macho inayorekebishwa kwa miwani, karibu asilimia 60 walikuwa hawaoni mbali vizuri. Katika umri huo, mara nyingi kiini cha lenzi ya jicho huwa kimeanza kuwa kigumu na cha manjano, dalili ya mtoto wa jicho. Kiini hicho hupinda mwanga kupita kiasi, na pia huutawanya. Miwani hurekebisha kule kupinda tu. Ndiyo maana mzee anaweza kusoma mstari wa 6/9 bila shida, kisha asimwone mtu mwenye koti la kijivu kwenye ukungu wa alfajiri Molo.

Uwezo wa kuona vitu vilivyofifia namna hiyo hupimwa kwa kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Chati ya Pelli-Robson ya 1988 ina herufi za ukubwa mmoja zinazofifia tatu tatu. Kwenye simu kazi ni ngumu: jua likipiga skrini, E nyeusi bado inaonekana, lakini herufi yenye kontrasti ya asilimia 2 humezwa. Kipimo cha kontrasti cha simu kilikuja kujaribiwa Ethiopia, matokeo yakatoka 2019. Nakuru ningekitumia mzee akiwa tayari amevaa miwani yake mipya, ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Akisoma 6/9 lakini kontrasti ikawa duni, apelekwe kwa daktari wa mtoto wa jicho siku hiyohiyo.