Sikio la Kompyuta na Ulimi wa Mpanda

Ndugu msomaji, hebu andika maneno haya: baba, bibi, bubu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kuwa hao ni watu watatu. Lakini ipo kanuni ya kompyuta inayowahesabu kuwa mmoja. Inaitwa Soundex, na leo nataka tuihakiki, maana sisi tunaojifunza kuandika tumeanza kuziamini mashine kuliko masikio yetu.

Kanuni hii ni ya kale kuliko kompyuta zenyewe. Robert Russell wa Marekani aliisajili mwaka 1918, na miaka ya 1930 ikatumika kupanga majina ya sensa za huko. Utaratibu wake ni huu: herufi ya kwanza inabaki, irabu zinatupwa, konsonanti zinazokaribiana zinapewa tarakimu moja. B, f, p na v ni 1. M na n ni 5. L ni 4. R ni 6. Nafasi zikibaki wazi zinajazwa sifuri. Basi baba, bibi na bubu wote ni B100. Mama, mume na mimi ni M500. Nyumba nzima imekuwa mtu mmoja!

Tusiwe wachoyo wa sifa. Kwa majina ya Kizungu inafaa: Smith na Smyth yanakutana, karani anapata anachotafuta. Lakini kwenye Kiswahili irabu si pambo. Washairi wetu wa vina wanalijua hilo siku nyingi. Kina ni silabi nzima, na irabu yake imo: "ta" haipatani na "tu". Soundex inatupa kile kile ambacho mshairi anakishika kwa mikono miwili.

Sasa njoo sokoni Mpanda. Hapa Mfipa, Mpimbwe, Mkonongo na Mbende wanauziana na Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo ambao wazee wao walikimbia machafuko ya Burundi mwaka 1972. Ulimi wa Msukuma unapenda l, wa mwenzake wa Katumba unapenda r. Huyu "habali", yule "kura chakura", na biashara inakwenda. Lakini Soundex inaandika kula K400 na kura K600, yaani mbali kabisa. Herufi ya kwanza ikipishana ndiyo basi tena: Lukasi ni L220, Rukasi ni R220. Hilo si la kuchekea. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule, kijana anaanza kuhangaikia hati ya kiapo, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Ipo njia ya pili, ya Mrusi Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965. Hii inahesabu hatua: herufi ngapi uongeze, ufute au ubadili ili neno liwe jingine. Hapa kuna nafuu, kula na kura ni hatua moja tu. Lakini kula na kufa nayo ni hatua moja! Nani aliyetaka kula akateleza akasema kufa? Halafu piga na pika ni hatua moja, piga na atakayempiga ni hatua nane. Kwa mizani hiyo, mpishi yuko karibu na ngumi kuliko mpigaji mwenyewe.

Dawa ipo. Irabu zibaki. L na r zihesabiwe majirani, vivyo hivyo dh na z, th na s. Viambishi vivuliwe kabla ya kulinganisha. Haishindikani: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha tengeneza programu inayochambua viambishi vya Kiswahili. Sasa wanatakiwa watu wa kueleza jinsi ndimi za huku zinavyoteleza, na kazi hiyo ni yetu waandishi.

Kwa hiyo, mwenzangu, kaa stendi na daftari, sikiliza. Mhusika wako akisema "habali", mwandike hivyo hivyo. Simu ikikimbilia kumsahihisha, ikatalie. Yenyewe haijawahi kufika Mpanda.