Jiwe Mkononi

Kolwezi, mji wa machimbo katika jimbo la Lualaba, Kongo, mtu akikuambia "niko na mawazo", humwulizi anawaza nini. Hajakuambia kwamba anafikiri. Amekuambia kwamba halali. Neno moja limebeba fikra na dhiki, na kuanzia Mombasa hadi Lualaba hulielewa kila mtu bila kufunzwa. Lakini sikiliza tunavyolitumia. Twasema "nina hofu", yaani niko pamoja nayo, kama mtu alivyo na mgeni au na mzigo. Twasema "mawazo yamenijia", "hasira imenishika". Kilichonijia chaweza kwenda zake, kilichonishika chaweza kuniachia. Lugha imekwisha kutuachia mwanya kati ya mtu na wazo lake. Kuutumia mwanya huo ni ufundi, nami nataka kuusifu.

Nikiutafutia mfano, macho yangu huwaendea watu wanaochambua mawe.

Kasulo ni mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba uani kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Habari haikukaa. Majirani wakachimba nyuani, kisha sebuleni, kisha vyumbani mwa kulala, wakatandaza maturubai juu ya mashimo. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliamua kuhamisha familia zipatazo 600, sehemu ya mtaa ikazungushiwa uzio ikawa machimbo, na haki ya kununua mawe yake ikapewa kampuni moja. Mtu aliyelala miaka mingi juu ya utajiri asiujue, kisha akaamka asiwe na nyumba, ana haki ya kuwa na mawazo.

Gunia likimwagwa, hutoka kila kitu: udongo mwekundu, mawe matupu, malakaiti ya kijani yenye shaba, na lile jeusi linalotafutwa. Kolwezi kazi ya kuosha na kuchambua huangukia sana akina mama, na Ziwa Malo, upande wa Kapata, limewaona wengi wameinama majini tangu asubuhi. Mchambuaji hagombani na rundo. Huokota, hufuta vumbi kwa kidole gumba, hutazama rangi, husikia uzito kiganjani, kisha huweka jiwe upande wake. Jiwe tupu halitukani, wala halishiki mpaka jioni akijiuliza kwa nini limekuja kwake. Mkono huokota, hutambua, huweka, kisha hurudi kwenye rundo. Ukimtazama kwa muda utadhani hafanyi lolote gumu. Jaribu saa moja tu.

Wazo la usiku nalo huja hivyo hivyo, limejaa udongo. "Wewe ni mzigo kwa ndugu zako." Aliyezama ndani yake hulijibu, na kadiri anavyobishana nalo ndivyo linavyopata sauti. Mwenye ufundi hutanguliza maneno matatu: limenijia wazo kwamba. Limenijia wazo kwamba mimi ni mzigo kwa ndugu zangu. Hakuna kilichokanushwa, na wala hajajidai kuwa na furaha. Ila jiwe lililokuwa ndani ya kiatu sasa liko mkononi, mahali linapoweza kutazamwa.

Hata jina la kobalti lina kisa cha namna hii. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walikuta jiwe lililoahidi fedha lakini tanuruni likatoa moshi wa sumu. Wakasema ni kazi ya kobold, zimwi la migodini. Katika karne ya 18 Mswidi Georg Brandt alilichunguza akakuta humo metali isiyojulikana. Sumu ilitokana na aseniki. Zimwi likabaki jina tu, na leo jina hilo liko ndani ya betri za simu. (Kolwezi wapo wanaosema mawazo mabaya ni pepo, na hukesha wakiombewa. Sina ugomvi nao. Anayemwambia pepo "wewe si mimi" amekwisha kufanya nusu ya kazi.)

Zamani nilidhani huu ni ufundi wa wenye mkeka mzuri na saa za ziada. Ni kweli kwamba Jon Kabat-Zinn, aliyeuingiza hospitalini kule Massachusetts mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu, aliuchota kwa Wabudha na kuupeleka kwa watu wenye vitanda. Lakini baadaye Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya vikao vitano vya saa mbili mbili, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, yakiongozwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Yakajaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda. Humo wazo baya ni ndoano: lione, litaje, kisha rudisha macho kwenye kilicho mbele yako. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya mafunzo, dhiki ya wale wanawake ilikuwa imepungua. Ilipungua kwa kiasi, na ni kwa sababu hiyo ninaamini.

Sasa niseme linalonitia shaka. Kasulo si kila hofu ni jiwe tupu. Sheria ya Kongo inataka shimo la mchimbaji mdogo lisizidi mita 30, na mvua haiisomi sheria. Juni 2019, katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Mchimbaji anayesikia ukuta ukidondosha changarawe na moyo ukamwambia "panda juu", hana haja ya kuitazama pumzi yake. Apande. Atakayemfundisha kutulia ili arudi chini anamfanyia kazi mwenye shimo. Ndiyo maana nasema kuchambua, sisemi kufukuza: lenye uzito lipate kujulikana.

Jepesi nalo lijulikane, na lilikotoka. Kwenye maghala ya wanunuzi jiwe hupimwa kwa mashine ya mnunuzi, na mchimbaji hana yake ya kulinganisha. Februari 2025 Kinshasa iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, bei walizolipwa wachimbaji zilitetereka kwa uamuzi uliotolewa mbali nao. Mtu akizoea kupimwa hivyo kila siku, wazo humjia usiku na mashine yake, limpimie na nafsi.

Juzi, saa tisa za usiku, lilinijia la kwangu, lile la miaka yote, kwamba nimechelewa na wenzangu wamekwisha kufika. Nikalitambua. Nikalipima kiganjani: jepesi. Nikaliweka kando na mengine. Kabla ya jogoo lilikuwa limerudi, nikaliokota tena.