Kina cha Mtaro: Dar es Salaam Ilivyopimwa

Aghalabu mtu akitajiwa jiji janja, fikira zake huenda kwenye taa zinazojiwasha zenyewe, mizani za kielektroniki na vitambuzi vya kila namna, ilhali swali linalostahili kutangulia ni kama ardhi itakayobeba vyombo hivyo inajulikana ilivyo, mwinuko wake, njia zake na mikondo ya maji yake. Mintarafu swali hilo, naona Dar es Salaam ilitoa jawabu la kuigwa, nalo limo katika kazi ya kuchora ramani ya jiji iliyoanza mwaka 2015 kwa jina la Ramani Huria, baada ya majaribio ya mwaka 2011 katika kata ya Tandale.

Hali ya jiji ilikuwa ngumu. Wakazi milioni 4.36 waliohesabiwa katika sensa ya 2012 walifika milioni 5.38 katika sensa ya 2022; wengi wao walikaa katika makazi yaliyojengwa pasipo kupimwa viwanja, na kwa zaidi ya miongo mitatu mpango mkuu uliokuwapo ulikuwa ule wa mwaka 1979. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kusababisha wengine wahamishiwe Mabwepande, yalionyesha bayana kwamba serikali haikuwa na ramani ya kuiambia ni nyumba ipi itakayozama kwanza.

Basi wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo, walipelekwa katika kata pamoja na wakazi wenyewe, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu wakiwa miongoni mwa wafadhili. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Majengo na njia vikachorwa katika ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Kisha ramani ikarudishwa mtaani ili mwenye mtaa aseme hii zahanati, huu msikiti, uchochoro huu haupiti gari.

Hata hivyo picha ya angani, kwa ubora wake wote, haioni chini ya bati wala chini ya mfuniko wa zege, na Dar es Salaam maji hupita huko huko. Kwa sababu hiyo naihesabu kazi ya mitaro kuwa ndiyo kiini cha upimaji wote. Mwanafunzi alisimama ukingoni mwa mtaro na futikamba, akapima upana na kina, akaandika katika simu kama kuta ni za zege, za mawe au za udongo mtupu, kama takataka zimeuziba, na maji huelekea upande gani. Halafu akaufuata mtaro ule hadi unapoungana na mwingine, kwa maana mtaro usiojulikana mwisho wake haumfai mhandisi anayetaka kukokotoa mwendo wa maji. Mtaro mpana unaoishia katika kalvati jembamba ni hatari kuliko kutokuwapo mtaro, maana hukusanya maji ya mitaa mitatu na kuyamwaga yote mlangoni pa nyumba moja.

Fauka ya hayo waliulizwa wazee wa bondeni maji hufika wapi. Mtu aliyeokoa watoto wake usiku hajibu kwa sentimita. Hujibu kwa mwili wake, kwamba yalifika gotini, kiunoni, kifuani, na majibu ya namna hiyo, yakikusanywa nyumba kwa nyumba, huchora mpaka wa mafuriko ambao hakuna kumbukumbu ya ofisi iliyoweza kuuchora. Hali kadhalika mipaka ya mashina, yaani vikundi vidogo vya nyumba ndani ya mtaa, ilitembelewa pamoja na wajumbe wa mashina hayo, waliokuwa wameihifadhi vichwani tu. Na maadamu tahadhari ya mvua haina faida mpaka imfikie mtu anayejua milango ya kubisha, kuijua mipaka hiyo kuna uzito kuliko kunavyodhaniwa.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yanatoa ushahidi wa uchungu wa kutanguliza vyombo kabla ya ardhi. Yalikuja na tiketi za kielektroniki na njia yake peke yake, lakini karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mvua kubwa inyeshapo njia hufungwa na abiria wa Kimara hukwama. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022, umekuja kurekebisha yaliyokwisha kujengwa.

Pamoja na sifa zote hizo, ramani hii ina taksiri mbili. Ya kwanza, inaonyesha jengo wala haionyeshi haki ya aliyemo, na mwenye nyumba asiye na hati wala leseni ya makazi anaweza kuhamishwa kwa ramani ile ile aliyosaidia kuichora. Haki yake yapasa iandikwe kabla tingatinga halijafika. Ya pili, mtaro uliopimwa Januari huwa umejaa mchanga masika yakiisha, na kipimo kisichorudiwa hugeuka habari ya zamani. Kila halmashauri ya jiji hili iweke katika bajeti yake upimaji wa mitaro ile ile kabla ya masika na kabla ya vuli, ukifanywa na mjumbe wa shina pamoja na mwanafunzi mmoja, na matokeo yabandikwe katika ofisi ya mtaa, ili wakazi waone ni mtaro upi umeziba na wamdai mtendaji auzibue mvua haijanyesha.