Isukuti ya Majaji
Kwenye tamasha za muziki za shule za msingi, isukuti ndiyo hunikera zaidi. Si ati watoto hawajui. Wanajua mno. Mabega yanaruka pamoja, tabasamu zinawaka pamoja, mwalimu yuko pembeni anahesabu kwa midomo.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ile UNESCO iliorodhesha 2014 kuwa inahitaji kulindwa haraka, huchezwa harusini, mtoto akizaliwa, hata matangani. Ngoma tatu, pembe ya paa, kiongozi anayeimba kulingana na tukio. CBC nayo imeweka ubunifu kwa umilisi wake wa kimsingi. Lakini jukwaani mtoto amepewa kila kitu, hadi rangi ya shanga, isipokuwa nafasi ya kujibu ile ngoma.

Mimi nilitolewa kwa mstari nikiwa darasa la nne, kisa nimeongeza mruko wangu. "Unatuharibia maksi," mwalimu akasema. Na hakukosea: bila mimi walishika nambari mbili.

Juzi kasichana ka mstari wa nyuma kaliteleza, kakageuza ule mtelezo kuwa hatua mpya. Sekunde mbili hivi. Nilipiga makofi peke yangu. Jaji alikuwa ameinama, anaandika.