Seva ya Muziki Hupimwa kwa Sehemu ya Pili

Mzee mmoja wa Kimombasa, jirani yangu hapa Stratford, mashariki mwa London, alinijia Jumapili moja na mfuko wa kaseti thelathini na kitu, CD chache, na flashi mbili alizoletewa na mpwawe kutoka Dubai. Nikampa shikamoo, akakaa, akaanza bila kuzunguka: “Mwanangu, nataka vitu hivi vyote vikae pahala pamoja. Nikitaka wimbo, niupate kabla chai haijapoa.” Nimesoma chambuzi nyingi za seva za muziki, zenye majedwali na michoro, na sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Seva ya muziki ni kompyuta ndogo inayowashwa saa zote. Hubeba faili zako na kuzipeleka kwenye redio, spika au simu yoyote iliyomo nyumbani. Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuuliza ina sauti gani. Seva haina sauti. Sauti hutoka kwenye kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa mawimbi, kisha amplifaya, kisha spika, kisha chumba chenyewe. Muuzaji akikwambia sanduku lake linautia muziki “joto”, au kwamba waya wake wa mtandao unasafisha besi, msikilize kwa adabu na uondoke. Faili ileile ikifika nzima imefika nzima, iwe imepita kwenye waya wa pauni tatu au wa pauni mia tatu.

Kazi ya seva ni ya mtunza ghala. Wakazi wa huku tumebahatika kuwa na mfano wa kutazama: Mei 2025 jumba la makumbusho la V&A lilifungua ghala lake, V&A East Storehouse, pembeni mwa bustani ya Olimpiki. Mna vitu zaidi ya 250,000 na vitabu 350,000, na raia wa kawaida anaweza kuagiza kitu akitazame kwa karibu. Si ukubwa wa rafu unaowezesha hayo. Ni kwamba kila kitu kina jina lake na pahala pake, na kuna mtu aliyekaa akayaandika.

Kwa hiyo ukienda kutazama seva, chukua flashi yenye nyimbo zako mwenyewe. Usikubali kusikilizishwa piano na muuzaji. Nyimbo zetu zina mitego ambayo waundaji wengi hawakuiwazia, na ndiyo itakayokuonyesha haraka nani alifanya kazi yake.

Mtego wa kwanza ni sehemu ya pili. Muziki wa dansi wa Tanzania, Kenya na Kongo ulitolewa kwa miaka mingi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano, wimbo ukataka nane. Basi ukakatwa: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma. Mbele ndiko kwenye mashairi na malalamiko ya mapenzi. Nyuma, mara nyingi, ndiko kwenye chemko, magitaa yanapofukuzana na watu kusimama. Zamani uligeuza santuri kwa mkono, na ule muda wa kugeuza ulikuwa sehemu ya dansi. Watu walipangusa jasho. Seva haina sababu ya kupangusa jasho. Weka sehemu zote mbili, zikiwa zimehamishwa vizuri hadi sekunde ya mwisho, uone kama inaziunganisha bila mwanya. Nyingi zitakunyamazia nusu sekunde. Nusu sekunde ni ndogo kwenye karatasi, lakini guu lililokwisha kunyanyuliwa halina pa kutua.

Sababu yake inajulikana. Faili za MP3 hukatwa katika vipande vya urefu maalumu, na mwanzoni na mwishoni huongezwa ukimya kidogo wa kujaziliza. Programu nzuri huandika kiasi cha ukimya ule ndani ya faili ili kichezaji kiuruke. Kichezaji kivivu hakisomi. FLAC, muundo uliotoka mwaka 2001 unaobana faili bila kupoteza chochote, haina tatizo hilo, lakini hata hiyo huharibiwa na kichezaji kinachosubiri wimbo uishe ndipo kitafute unaofuata. Na usidhani ni shida ya dansi peke yake. Kanda ya taarabu ya harusini, yenye vigelegele, watu wanaokwenda kutunza, na mpiga udi anayeanza kujaribu nyuzi kabla makofi hayajaisha, ukiikata kwa nyimbo inataka ichezwe kama maji. Seva ikishindwa mtihani huu, sina haja ya kuona mingine.

Mtego wa pili ni majina, na hapa ndipo nitakapokaa kitako.

Anza na ritifaa. Andika kwenye kisanduku cha kutafuta neno lenye ng' kwa kutumia simu yako. Baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda, ilhali faili zako pengine ziliandikwa kwa kompyuta yenye ritifaa iliyonyooka. Seva zembe itakwambia hakuna kitu, na wimbo umo. Rudia kwa Zein l'Abdin, gwiji wa udi wa Mombasa, ambaye jina lake nimeliona limeandikwa kwa namna tano kwenye mkusanyiko mmoja. Seva njema huzidharau alama hizo wakati wa kutafuta, na hukuruhusu kuziunganisha namna zote tano kuwa mtu mmoja.

Kisha mtazame inavyompanga Bi Kidude. Hazina za majina za mtandaoni zimezoea majina ya Kizungu, jina la ukoo nyuma, kwa hiyo yamkini ukamkuta kwenye herufi K: “Kidude, Bi”. Utadhani Bi ni jina alilopewa arubaini yake ilipotimia. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, na sanduku lenye akili litakuwezesha kumweka pahala unapotaka wewe na kumpata kwa majina yote mawili. Kwa bendi hali ni ngumu zaidi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Kwa mashine ni bendi nne zisizojuana. Kwa msikilizaji ni mto mmoja. Uliza: naweza kuzifunga pamoja na bado kila santuri ikabaki na jina lililokuwa juu yake siku ile? Seva inayokulazimisha uchague moja kati ya hayo mawili inakudanganyia historia.

Halafu mtunzi. Mtu wa pwani akisikia taarabu, swali lake la pili, kama si la kwanza, ni shairi la nani. Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, na wapo wanaotafuta nyimbo zile kwa jina la mshairi kabla ya mwimbaji. Programu nyingi za simu humficha mtunzi kabisa. Hapa nina siri ndogo niliyoigundua kwa kuhangaika: tafuta seva inayosifiwa na wapenzi wa muziki wa okestra za Ulaya. Wale nao huuliza mtunzi kwanza, mpigaji baadaye, na wamewasumbua waundaji kwa miaka mingi mpaka uga wa mtunzi ukatengenezwa ipasavyo. Tuna haki ya kufaidi usumbufu wao.

Mikusanyiko nayo ijaribu. Mfululizo wa Zanzibara, unaotolewa na Buda Musique ya Paris tangu 2005, mara nyingi huchanganya waimbaji kadhaa katika diski moja. Seva mbaya huivunja diski hiyo ikawa albamu saba zenye wimbo mmojammoja. Na ukiona kila kitu kuanzia bashrafu hadi mchiriku kimetupwa kwenye kapu moja la “muziki wa dunia”, hakikisha unaweza kulifuta neno hilo na kuandika la kwako.

Kuhusu ubora wa faili sitakuchosha. CD hutiririsha biti 1,411,200 kwa sekunde; ikiwa ya saa moja ni takriban megabaiti 635, na kwa FLAC hushuka hadi kati ya 300 na 400. Kwa hiyo CD elfu moja zaingia kwenye diski ya gigabaiti 500, nafasi ikabaki. Matangazo yanayojigamba kwa viwango vya sampuli vya kilohezi 192 hayakuhusu: kaseti ya harusi ni nadra kubeba chochote juu ya kilohezi 15, na kipimo cha CD hufika 22. Pesa hiyo mpe fundi akusafishie hedi ya deki na kuirekebisha pembe yake, utasikia tofauti ambayo hakuna seva itakayokupa. CD za kwetu zilizochapwa chache zihamishe mara mbili na ulinganishe matokeo, kwa sababu hazina zinazohakiki uhamishaji kwa kulinganisha na nakala za watu wengine mara nyingi hazizijui.

Jambo la sheria, kwa kuwa tuko Uingereza: kuanzia Oktoba 1, 2014 iliruhusiwa kujinakilia CD uliyoinunua kwa matumizi yako mwenyewe; Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta kanuni hiyo. Maduka yakaendelea kuuza mashine za kunakilia kama kawaida.

Sasa chumba. Wengi wetu hapa tunakaa kwenye fleti, ukuta mmoja na jirani, sebule ndiyo chumba cha kulia na cha wageni. Seva yenye feni na diski zinazozunguka utaisikia usiku udi unapocheza peke yake. Chagua isiyo na feni, yenye diski tuli. Wi-Fi usiitegemee kwenye maghorofa haya yaliyoota baada ya Olimpiki ya 2012. Fungua simu uhesabu mitandao ya majirani, halafu ujiulize kwa nini wimbo unakwamakwama saa mbili za usiku. Vuta waya kutoka kwenye ruta. Na uitake seva inayosawazisha kiwango cha sauti, maana kaseti ya mwaka 1975 hunong'ona, ukapandisha, kisha ikafuata taarabu ya kisasa na kinanda chake, na jirani akagonga.

Umeme nao una hesabu yake. Wati moja inayowaka mwaka mzima hula uniti 8.76. Sanduku la diski mbili linalokula wati 25 litatumia uniti 219. Kwa peni 25 kwa uniti, ni kama pauni 55. Kompyuta ndogo ya wati nne haifiki pauni tisa.

Maduka ya Westfield hapa Stratford yatakuuzia spika inayotii amri ya mdomo, na kwa mtu asiye na mkusanyiko inatosha. Masanduku ya seva yaliyo tayari, kama ya Innuos ya Ureno, mengine humeza CD yenyewe na yametengenezwa kwa unadhifu. Kama una pesa na huna subira, sitakucheka. Lakini jiulize kampuni ikichoka itakuwaje. Squeezebox ilikuwa familia ya vichezaji vya mtandao, pamoja na programu yake ya seva, iliyopendwa sana. Logitech iliinunua kampuni yake mwaka 2006, ikaacha kuuza vifaa vile mwaka 2012. Kilichowaokoa waliovinunua ni kwamba programu ile ya seva ilikuwa wazi kwa kila mtu. Wapenzi wakaiendeleza, na tangu 2024 inaitwa Lyrion. Haiwezi kuuawa kwa barua ya mkurugenzi.

Hukumu yangu ndiyo hiyo: Lyrion juu ya Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa pakiti ya karata iliyobuniwa Cambridge, pamoja na diski tuli moja. Sura yake haivutii, na siku ya kwanza itakuudhi. Lakini inaunganisha sehemu ya pili, inamjua mtunzi, na majina unayapanga upendavyo. Nimejaribu nyingine za bei mara kumi zilizoshindwa mawili kati ya hayo matatu.

Diski ya pili ni lazima, tena isikae nyumba moja na ya kwanza. Seva yangu ya kwanza ilikuwa na diski mbili zinazonakiliana saa hiyohiyo, nikadhani nimejikinga. Siku niliyofuta folda kwa bahati mbaya, ilifutika kote kuwili kwa utiifu mkubwa. Nakala yangu sasa inakaa Leyton kwa dada yangu, ndani ya kabati la mashuka, na hubadilishwa kila Idi.

Mzee wangu tulimfungia yake mwezi uliofuata. Kazi ya mashine ilichukua mchana mmoja. Kuandika majina kulichukua wiki sita, kwa sababu kila kaseti ilihitaji yeye aisikilize na kunitajia nani anaimba, harusi ya wapi, shairi la nani. Bado nyimbo kumi na nne uga wa mtunzi uko wazi. Amesahau, na aliokuwa akiwauliza wametangulia. Kama na wewe una kanda za kwenu na mzee anayezijua, anza na mzee. Seva utanunua hata mwakani.